Gari Nililomchagulia Nassor

Vijana wangu, juzi mmoja wenu alinifuata kibarazani kwangu na simu mkononi. Akanionyesha magari mawili ya spoti, yote ya milango miwili, moja la paa la bati na jingine la paa la turubai linalokunjwa nyuma. Akaniuliza, "Mzee, kwa kutembelea kila siku hapa Tabora, ungekuwa wewe ungechukua lipi?" Nikamwambia sijui, mimi nimestaafu, akawaulize mafundi wa siku hizi. Nilimwongopea. Jibu la swali lile nalijua sana, na nililikwepa kwa sababu mara ya mwisho nilipolijibu mtu alikufa.

Kijana aliondoka, nami nikabaki nimejichukia. Basi nimekaa niwaandikie. Msitegemee nitaenda moja kwa moja, maana mzee akianza kusema habari za kazi yake hupitia kila uchochoro.

Kazi yangu ilikuwa viti na maturubai. Mafundi injini walituita washona mashuka, nasi tuliwaita wala grisi, na chai tulikunywa pamoja. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimeshona viti vya mabasi, mahema ya warina asali, maturubai ya malori ya tumbaku, na kwa padri mmoja wa Kipalapala nilishona kiti cha pikipiki mara tatu, kwa sababu mbwa wake alikipenda kuliko mfupa.

Aliyenifundisha ni Mzee Feruzi, Mmanyema wa hapa hapa mjini, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo hungeamini vinaweza kutunga uzi kwenye sindano. Mwaka wangu wa kwanza kwake nilishona kiti cha basi nikausahau mkasi ndani. Basi likaenda na kurudi wiki mbili nzima, abiria wa kiti kile wanalalamika kinachoma, na kondakta anawaambia kiti kina jini, wakae kwa adabu. Ulipogundulika, Mzee Feruzi hakunipiga. Alinikatia tiketi ya kwenda Ziba na kurudi, nikae kwenye kiti kile kile, na mkasi ubaki mle mle ndani. Barabara ya wakati ule mnaisikia tu kwa baba zenu. Nilirudi natembea upande upande kama kaa, na tangu siku ile sijafunga mshono wa mwisho bila kuhesabu vifaa vyangu. Nanyi hesabuni.

Ninyi mna dawa za kopo za kuzuia maji kwenye turubai. Sisi tulikuwa na nta. Hapa kwetu nta haijawahi kuwa shida, warina asali walituletea mabonge makubwa ya manjano. Unaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine ya maji ya moto, wala usiiweke juu ya moto wenyewe. Ikishayeyuka unaiepua, unaipeleka mbali na jiko, ndipo unatia mafuta taa, kipimo kimoja kwa vipimo viwili vya nta. Mimi mara moja nilifanya haraka nikayatia hapo hapo jikoni. Moto ulinipanda usoni ukaondoka na nyusi zangu zote mbili. Mzee Feruzi alinitazama, akasema, "Sasa hata ukishangaa hatutajua."

Unapaka kwa brashi, turubai likiwa limetandazwa juani, na unazidisha kwenye mishono, kwa sababu maji huingilia kwenye tundu la sindano. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunaiharibu harufu nzuri ya nta kwa mafuta taa. Akaniuliza mtu anapotundika mzinga mpya porini huupaka nini ndani. Nikasema nta, hilo kila mtoto wa Unyamwezi analijua. Huipaka kwa nini? Ili nyuki waje. "Basi," akasema, "mafuta taa ndiyo yanayomwambia nyuki kwamba hapa si kwake."

Nilicheka. Niliwaza, nyuki gani huyo atakayehamia kwenye lori la tumbaku ambalo leo liko Urambo na kesho Dodoma? Lakini niliendelea kutia mafuta taa miaka yote ile, kwa mazoea tu, na sikulifikiria tena neno lake.

Sasa nije kwa Nassor. Ukoo wake ni Waarabu wa mjini, wamefanya biashara hapa tangu enzi za misafara, na duka lao la vitambaa nililishonea vivuli vya mbele tangu lilipokuwa la baba yake, Mzee Seif. Nassor mwenyewe kila asubuhi alikuwa anampeleka mkewe Zuhura kazini hospitali ya Kitete, ambako ni muuguzi, kisha anafungua duka. Alasiri anamtoa baba yake kidogo. Mzee Seif miguu ilikuwa imelegea na kifua kilikuwa na pumu, na kilichomtesa zaidi ni kukaa ndani. Kila baada ya wiki kadhaa Nassor alikwenda pia Ziba kununua mpunga, lakini huko alikwenda na lori.

Alikuja na mkewe bandani kwangu. "Shikamoo fundi," wakasema wote wawili, nikaitikia, na Nassor akanipa simu nitazame.

"Yote yako yadi moja Dar," akasema. "Mwenye yadi amenishikia mpaka Ijumaa. Hili la wazi, hili la bati. Lile la bati wenyewe wanaliita kupe."

"Kupe si wa ng'ombe?" nikauliza, na Zuhura akacheka.

"Fundi, mwambie ukweli," akasema Zuhura. "Mimi naingia kazini na sare nyeupe. Vumbi la mji huu nitafika nimekuwa rangi ya kuku. Na mvua ikianza je? Mimi nasema bati."

"Na baba?" Nassor akauliza. "Yeye anataka hewa. Fundi, wewe hujawahi kuniongopea. Sema."

Zuhura alikuwa na haki, vijana. Turubai halizuii vumbi, linalichuja tu, na lililo laini kabisa linaingia hadi masikioni. Turubai linachanwa kwa kisu cha kukatia nyanya. Gari lililozaliwa bila paa mwili wake hulegea mapema kwenye mashimo yetu, utasikia milango inaanza kugonga kabla ya mwaka kwisha, na likipinduka hakuna kitu juu ya kichwa chako. Lile la bati lina kasoro zake, nyuma hakukaliki ila na mtoto au mbuzi, na jua la Oktoba linalifanya tanuri. Lakini ukifunga vioo umefunga. Kwa mtu wa kila siku, wa kazini na sokoni, ni bati. Hilo ndilo jibu, na nililijua nikiwa nimesimama pale.

Nikaitazama tena picha ya lile la wazi. Paa lake jeusi lilikuwa limechakaa, limepasuka kwenye kona, na mikono ikaanza kuniwasha. Wakati ule maturubai ya malori yalikuwa yanakuja ya plastiki, yameshashonwa, unanunua dukani kama ndoo. Nilikuwa nakaa bandani tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila mteja. Nilitaka gari lile lije Tabora, nilivue paa, nilishone upya kwa mkono wangu, lipite sokoni na watu waulize nani kashona.

"Chukua la wazi," nikasema. "Baba yako anahitaji hewa."

Nilimfanya mzee wa watu kisingizio. Zuhura alinitazama, akafunga mkoba wake. "Haya, fundi," akasema. "Umesema wewe."

Gari lilifika, na sitawaficha, paa lile ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Nilipima siku mbili kabla ya kukata. Unajua turubai la gari la wazi si shuka, lina mahali linapotakiwa kukunjika na mahali lisipotakiwa. Ukikosea kidole kimoja, chuma kinalitafuna ndani ya mwezi. Nilishona mishono miwili miwili, nikapaka nta yenye mafuta taa kama nilivyofundishwa, nikatengeneza na kifuniko cha kufungia paa likiwa limelala nyuma ya viti. Nassor alilikunja na kulikunjua mara kumi pale bandani, anacheka kama mtoto.

Mzee Seif ndiye aliyelifaidi. Alasiri utamwona amekaa mbele, kofia ameifunga na kitambaa chini ya kidevu isipeperuke, anasalimia watu kulia na kushoto. Watu walipomuuliza haogopi jua, alijibu, "Babu zangu walitoka pwani mpaka hapa kwa miguu, na hakuna aliyekuwa na paa." Zuhura alivumilia wiki tatu, amevaa koti la mvua katikati ya kiangazi, kisha akahamia kwenye bodaboda. Kila nilipokutana naye nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Mwaka wa pili, kabla ya mvua, gari lilirudi kwangu nilipake nta upya. Nikafanya kama kawaida. Baada ya siku mbili Nassor akarudi nalo, na Mzee Seif ndani yake.

"Fundi," Mzee Seif akasema, akihema, "umenikalisha ndani ya koroboi. Kifua kinabana. Huna nta isiyonuka mafuta taa?"

Nilimheshimu sana mzee yule. Na nilipenda kusifiwa, hilo nalo liandikeni. Nikalisugua turubai kwa maji ya moto na sabuni, nikalianika mpaka ule mnuko ukaisha, nikapaka nta tupu. Kwenye mishono nilizidisha sana, kwa sababu bila mafuta taa nta haizami vizuri. Gari zima likanukia asali. Mzee Seif alivuta pumzi, akafumba macho, akasema, "Sasa hii ndiyo kazi." Walipoondoka nilibaki nimevimba kichwa. Je, nilikumbuka neno la Mzee Feruzi? Nimejiuliza mara nyingi sana. Nadhani lilinipitia kichwani likapita, na mimi nikaliacha lipite.

Wiki iliyofuata Nassor alikwenda Ziba na lori. Mpunga ulichelewa, akakaa siku kumi na moja. Gari likabaki uani kwao, paa limekunjwa nyuma, kifuniko changu juu yake, kimefungwa isipokuwa kona moja. Ulikuwa msimu miyombo inachanua na makundi ya nyuki yanahama kutafuta makao.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Nassor mwenyewe. Alirudi kutoka Ziba, akakuta baba yake amechoka kukaa ndani, akamtoa alasiri ile ile bila kulikagua gari. Wakashika njia ya Kipalapala. Mzee akasema anasikia mvumo nyuma, Nassor akadhani ni beringi. Walipokaribia Kipalapala mawingu yakafunga na matone ya kwanza yakaanza. Nassor akasimamisha gari, akashuka, akafungua kifuniko, akavuta paa.

Nyuki wa kwetu mnawajua, sina haja ya kueleza. Nassor alizunguka upande wa baba yake amfungue mkanda, akashindwa, macho yalikuwa yameshafumba kwa uvimbe. Alimlalia juu kumfunika. Wakulima waliokuwa mashambani jirani walikuja na majani yanayofuka moshi, wakawatoa wote wawili. Nassor aliumwa mwili mzima akapona. Mzee Seif, kwa kifua kile, alifariki kesho yake mchana.

Mjini watu wote walisema neno moja: amri ya Mungu. Nyuki wana siku yao na mtu ana siku yake. Nami mazishini nililisema, kwa mdomo wangu huu. Nassor, uso bado umevimba hata hajulikani, alinikumbatia akasema, "Fundi, umempa baba mwaka mmoja wa raha. Mungu akulipe." Nikaitikia amina.

Baada ya arobaini alileta gari bandani, linavutwa na kamba, akaniomba nilisafishe ili aliuze. Nilipofungua mahali pa paa nikayakuta masega. Yalikuwa meupe, mapya, marefu kiasi cha kiganja, yamepangwa vizuri. Na yalikuwa yameshikiliwa kwenye mishono yangu, yamefuata mstari ule ule nilipozidisha nta, hayakuvuka hata kidogo. Ningeweza kumwita Nassor wakati ule ule, duka lake liko mwendo wa dakika kumi. Badala yake niliyakwangua kwa kisu, nikayachoma nyuma ya banda, nikalivua turubai lote nikalichoma pia. Nassor alipokuja nikamwambia nyuki walikuwa wamechafua sana. Akasema asante, pole kwa kazi.

Nilikaa na jambo lile miaka minne. Niliswali nalo, nikala nalo. Usiku sikusumbuka sana, kwa kweli. Shida ilikuwa mchana, kila Nassor aliponiita kutoka dukani kwake na kunisalimia kwa heshima. Mke wangu aliona nimeacha kufanya utani, akadhani ni uzee. Nilifunga banda nikasema macho yamechoka.

Mwaka jana Nassor alinifuata nyumbani. Alikuwa amebeba turubai jipya begani, la kivuli cha duka. Akalitua kibarazani, akakaa.

"Najua umestaafu, fundi," akasema. "Lakini hili nipakie wewe, kwa mkono wako. Ile nta ya mwisho, isiyo na mafuta taa. Baba aliipenda sana harufu yake. Nikifungua duka asubuhi niwe naisikia."

Nilimtazama nikaona kwamba nikikubali nitawaita nyuki tena, safari hii juu ya vichwa vya wateja, na nikikataa itanibidi niseme kwa nini. Nikasema. Nilianzia kwa Mzee Feruzi na mzinga mpya, nikaja kwenye koroboi, nikaja kwenye masega. Nikamwambia pia kwamba jibu la swali lake la kwanza lilikuwa bati, na kwamba Zuhura alisema kweli siku ile, nami nilijua.

Nilipomaliza nikamwambia anisamehe. Nilikuwa nalia, siwafichi, na katikati ya kulia kule nilihisi kifua kimefunguka. Nilihisi nafuu, vijana, nafuu kubwa.

Nassor alikuwa anatazama turubai lake.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nauliza kila siku," akasema. "Kwa nini yeye, kwa nini siku ile. Zuhura anajua nilivyokuwa. Halafu nikaacha kuuliza. Nilikuwa nimeshamwachia Mungu, fundi. Leo umeniletea mtu wa kumuuliza."

Akaliinua turubai begani, akalipeleka kupakwa kwingine.

Kwa hiyo yule kijana wa juzi, kama anasoma: kwa kila siku chukua la bati. Na ninyi nyote mtakaokosea kazini, maana mtakosea, msiwe kama mimi. Kosa liseme siku ile ile, uliyemkosea akiwa bado analia, bado anauliza, ana nguvu za kukushika shati na kukupiga. Nassor hakunipiga. Bado tukikutana sokoni ananipa shikamoo, kwa sababu amelelewa vizuri, halafu anasimama kidogo ananitazama usoni, na ninamwona anaanza upya kuuliza.